Sura Mia, Vita Sifuri

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Sura mia, vita sifuri. Ndivyo Kapteni alivyomwandika Zilzala wangu kwenye grupu la kikosi chetu cha gemu, mbele ya wote. Halafu emoji za kucheka zikamiminika. Kuna mtu alituma kumi na mbili, kana kwamba moja haitoshi.

Niliandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Basi nasema hapa, ambapo hakuna wa kunicheka: Kapteni hajui kitu!

Zilzala ni kobe. Lakini si kobe wa kutafuna majani — ana mlima mgongoni, na mlima wenyewe unafuka moshi. Katika gemu zima hakuna mnyama mwenye uhai mwingi kuliko yeye. Yai lake halianguliwi mpaka utembee, nami nililitembeza likizo nzima, nikimpelekea Mama chakula kazini kwa miguu, njia ndefu makusudi. Mama akadhani nimekuwa mtoto mwema.

Sasa Kapteni, kwa kuwa yuko kidato cha juu na anaangalia video za mabingwa wa nje, amejipa kazi ya kuwapima wanyama wote. A mpaka D. Zilzala kapata D. Sababu: pigo lake kuu linachelewa kujaa, na likijaa, lazima afungue gamba kabla ya kulipiga. Gamba likiwa wazi, hata kifaranga anaweza kumuua.

Hilo ni kweli. Siwezi kuukana ukweli. Lakini nani kasema lazima alipige?

Sheria ya kikosi: mnyama wa D anaachiliwa, na mawe yake ya nguvu anapewa Kimondo, yule ndege wa moto wa Kapteni, ili awe na nguvu zaidi kwa mashindano. Ukishamwachilia humpati tena. Gemu linakuuliza mara mbili, halafu basi. Nimepewa mpaka Jumamosi. Nisipomwachilia, natolewa kikosini.

Na kikosi ndipo mahali pekee ninapoongea na watu. Kwa vidole, lakini naongea.

Simwachilii.


Jumanne, tarehe 4 Juni

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu.

Simu ninayochezea si yangu, ni ya Mama. Mama ni dobi. Mwaka jana simu ilimponyoka ikaangukia sakafu ya saruji pale kazini, na tangu siku hiyo pembe ya chini kulia imekufa. Unabonyeza, hakuna kitu. Mama akitaka kutuma ujumbe anaigeuza simu kichwa chini, kitufe cha kutuma kihamie upande mzima. Wateja wakimwona wanadhani anasoma kitu cha siri.

Lakini gemu halikubali kugeuzwa. Na kitufe cha pigo kuu kiko wapi? Pembe ile ile! Kwa hiyo tangu nianze kucheza sijapiga pigo kuu. Hata moja. Kikosini hakuna anayejua. Wakijua watasema kumbe huyu hata simu hana.

Ila ndiyo maana namjua Zilzala kuliko wao. Pigo lake dogo, lile la kugusa skrini tu, halimuumizi mpinzani sana, lakini kila likimpata linampunguzia mstari wake wa nguvu. Mpinzani anajaza, Zilzala anapunguza. Anajaza, anapunguza. Pigo kuu la mwenzake halifiki. Mwisho anachakaa mwenyewe. Ni kama Mama akibishana na mteja aliyeleta shati lenye doa halafu anadai doa limetokea kwa dobi. Mama hapandishi sauti. Anarudia maneno yale yale mpaka mtu anakumbuka mchuzi alioumwaga mwenyewe.

Jioni nikajibu kwenye grupu. Kwanza kwa Kiingereza — nikasoma, nikaona insha ya mtihani, yenye utangulizi na hitimisho. Nikafuta. Nikaandika kwa Kiswahili: «Zilzala si D. Mnampima kwa kitu asichokihitaji. Nitawaonyesha.»

Nikatuma (simu kichwa chini). Nikaifukia chini ya mto kama vile itaning'ata.

Nilipoitoa, Kapteni ameshajibu. Jumamosi, baada ya masomo ya ziada, darasani kwetu. Yeye na mimi, Kimondo na Zilzala, raundi tatu. Nikishinda, Zilzala anabaki nami nabaki. Nikishindwa, namwachilia hapo hapo, wote wakiangalia.

Wote wakiangalia! Mimi!

Nikaandika: «Sawa.»


Jumatano, tarehe 5 Juni

Redio amejua. Redio ni jirani yangu wa dawati, na jina hilo alipewa kwa kuwa hana kitufe cha kuzima.

«Wewe? Wewe ambaye mwalimu akikuita kwenye mahudhurio unajibu kwa kutikisa kichwa? Eti umemtolea Kapteni maneno?»

Nikamwambia apunguze sauti. Akapunguza. Watu wa dawati la nyuma kabisa hawakusikia, nadhani.

Kapteni alipita mlangoni akanitazama kama mtu anayepima kitambaa. Nikaangalia viatu vyangu. Lakini sikubadilisha nia. Viatu viliangaliwa, nia iko pale pale.


Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mjomba amekuja. Mjomba ni fundi simu, na kila mwezi anasema ataitazama simu ya Mama, na kila mwezi anasahau. Leo — kati ya siku zote! — amekuja na kioo kipya mfukoni.

«Mpwa wangu, leo simu ya mama yako inapona,» akasema. Akaketi mezani na bisibisi zake, na kabla chai haijapoa kazi imekwisha. Pembe iko hai.

Mama akataka kujaribu. Akaandika ujumbe, na alipofika kwenye kutuma — akaigeuza simu kichwa chini. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. «Dada, imepona! Imepona!» Mama naye akacheka, halafu akaigeuza tena. Mkono umeshazoea.

Nilicheka nao. Nilimshukuru Mjomba, na nilimaanisha. Halafu nikaingia chumbani na kufungua gemu.

Kitufe kinawaka. Sikujua kama kinawaka! Kikijaa kinakuwa cha rangi ya chungwa na kinadunda kama moyo. Nikakibonyeza. Mlima wa Zilzala ukapasuka, skrini nzima ikawa nyekundu, simu ikatetemeka mkononi. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Nilipiga kelele, Mama akauliza kuna panya?

Na nikashindwa. Gamba lilikuwa wazi. Mpinzani wangu alikuwa bata, bata wa kawaida kabisa!

Nikacheza tena. Nikasema sikibonyezi. Nikakibonyeza.


Jumamosi, tarehe 8 Juni

Naandika chooni. Choo cha wasichana, kile cha mwisho chenye komeo. Kalamu ni ya Redio.

Kikosi kizima kilikuja, na wengine ambao hata gemu hawachezi. Wamekaa juu ya madawati. Simu zetu mbili katikati, mezani kwa mwalimu. Jasho mikononi mpaka nikawa najipangusa kwenye sketi.

Raundi ya kwanza nilianza vizuri. Pigo dogo, pigo dogo. Mstari wa Kimondo unapanda, unashuka. Uhai wake umepita nusu kwenda chini. Ndipo kitufe kikawaka. Watu wakaanza, «Piga! Piga sasa! Unangoja nini?» Redio ndiye aliyeongoza, yeye na mdomo wake, akidhani ananisaidia. Nikapiga. Mlima ukapasuka, wote wakasema aaah. Kimondo akabaki na uhai kidogo tu, kama uzi, na gamba la Zilzala liko wazi. Akamdonoa mara mbili. Kwisha.

Kapteni hakucheka. Alisema taratibu, «Sura mia…» na darasa likamalizia, «Vita sifuri!»

Sikulia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kisigino changu kilikuwa na plasta, hivi viatu vinanichubua. Nikainama, nikaibandua, nikaibandika kwenye pembe ya skrini, juu ya kitufe. Mmoja akauliza, «Simu imeumia? Ipeleke hospitali!» Wakacheka. Nikaanza.

Pigo dogo. Pigo dogo. Pigo dogo. Watu wakachoka kupiga kelele. Kimondo alikuwa anafika karibu na kujaa, anarudi. Anafika, anarudi. Kapteni akaanza kubonyeza kwa nguvu, kana kwamba nguvu ya kidole inaingia kwenye simu. Pigo dogo. Mpaka Kimondo akakunja mabawa akaanguka, na Redio akapiga ukelele ambao ulimleta mlinzi dirishani.

Tuko sare, moja kwa moja!

Kapteni akaangalia plasta. Akasema hiyo ni hila. Raundi ya tatu nicheze na simu iliyo wazi kama watu wote, la sivyo nimeshindwa. Wengine wakasema ni haki. Wengine wakasema hakuna sheria ya plasta. Wakaanza kubishana. Nikasema nataka kwenda chooni. Kati ya maneno yote duniani, hayo ndiyo yaliyotoka. Nikachukua simu na daftari hili, nikatoka.

Redio yuko nje ya mlango. «Umezama humo? Usikubali! Mwambie plasta haitoki.»

Nikamwambia kupitia mlangoni. Pembe iliyokufa, simu ya Mama, miezi yote bila pigo kuu. Yote. Ni mtu wa kwanza kumwambia. Redio akanyamaza. Redio! Halafu akasema, «Sasa si ndiyo sababu zaidi ya kuibakiza?»

Nimefikiri. Hapana.

Niliibandika kwa sababu nilikiogopa kidole changu. Nikishinda nayo, watasema plasta imeshinda, na kabla ya plasta ilishinda pembe mbovu. Zilzala atabaki D mwenye bahati. Mimi nataka waone kitufe kikiwaka, waone kwamba naweza kukibonyeza, na waone ninachofanya.

Redio anagonga tena. Anasema Kapteni ameuliza kama nimekimbia.

Nimeibandua. Nimeibandika hapa chini, kwenye ukurasa huu. Ina damu kidogo na uchafu wa soksi. Ikae.

Nikirudi nitawaambia mwenyewe, kwa mdomo, kabla ya kuanza: simu iko wazi, kitufe kiko hai, tazameni.

Kitawaka tu. Watapiga kelele, piga, piga.

Kiwake.