Mkaratusi wa Cucu Wangari Hauna Hatia

Alhamisi, Tetu

Hautakatwa! Wiki tatu tumeusingizia mkaratusi wa Cucu Wangari, bibi jirani wa shule, eti unazuia mawimbi ya mtandao wetu. Barua pepe fupi zilifika Nyeri, fomu za wanafunzi zikakwama. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaita watu wa msumeno waje kesho. Na ni mimi, ninayetunza kompyuta za shule, niliyemwambia ni mti. Aibu!

Leo nikajaribu kutuma pakiti za data, vile vifurushi ambamo mtandao hubeba ujumbe, za ukubwa tofauti. Ndogo zilifika zote. Zilizozidi baiti elfu moja na mia nne zilipotea kimya. Mti hauwezi kuchagua hivyo! Ni kifaa fulani njiani kinachokataa pakiti kubwa. Nikaiwekea kompyuta yetu kipimo hicho, isitume pakiti kubwa zaidi, na fomu zote zikaenda; mwalimu mkuu akaghairi watu wa msumeno.

Nilikimbia kwa Cucu. Alikuwa akipitisha nyasi za ng'ombe kwenye kilango chake chembamba, mafungu madogo madogo. Nikamweleza.

"Ati mlikuwa mnafunga mzigo kubwa kuliko mlango?"

"Ndiyo, Cucu."

"Na mkataka kukata mti yangu?"

Akacheka mpaka akaketi juu ya nyasi, kisha akanionyesha rundo lililobaki, nilipitishe mimi. Mikono bado inaniwasha, nami ninacheka peke yangu.