Mtungi wa Mama Clémentine

Alexandra, Johannesburg,
Tarehe 20 Agosti, 2017.

Mpendwa Shangazi Célestine,

Nakuamkia kwa heshima na kwa moyo uliovunjika. Goti lako linaendeleaje? Na hapo Uvira vumbi limepungua? Huku sisi ni wazima wa mwili tu, tunakula kwa kukumbushwa. Baridi inapasua midomo. Saluni nimeifungua tena kwa sababu kukaa nyumbani kumenishinda.

Asante kwa maombi yenu siku tulipomzika kaka yetu mkubwa, Octave. Bado ninamwita wakati wa chakula. Jana nilimpakulia, nikakaa nikiitazama ile sahani mpaka ugali ukapoa.

Shangazi, maneno yako yamenifikia. Eti kaka yangu Didier asikanyage uani kwako, kwa kuwa alimpa kaka yake oksijeni ya kuchomelea vyuma ikamuunguza mapafu. Eti nguo za marehemu aje nazo binamu yetu Glody. Sijui nani amekuletea habari hiyo, lakini amekudanganya. Nililia kuliko siku ya mazishi.

Ninakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nakujua.

Kazi ya Octave unaifahamu, kuzamia na kutoa vitu vilivyoanguka majini. Safari hii ilikuwa pampu, imezama kwenye shimo la zamani la kuchimba mawe, kupita Diepsloot, lililojaa maji. Mashine yake ya kumpelekea hewa chini kwa mpira ikaharibika, na mwenye pampu hakuacha kumsumbua. Ndipo Octave akaja kumwomba Didier oksijeni ya pale garaji anapofanya kazi.

Didier alimkatalia, Shangazi. Nilikuwa jikoni, nilimsikia kwa masikio yangu akimjibu kaka yake: "Yaya, hapana. Hii ya garaji iko ya vyuma, haiko ya mapafu ya mutu. Kamata ile ya Mama Clémentine. Ile ya hospitali, banapatiaka bagonjwa, haiwezi kukuua."

Mama Clémentine alikuwa mzee wa kanisa letu. Kifua kilimtesa sana, akawa anapumua kwa mtungi wa hospitali nyumbani kwake. Alipofariki, vitu vyake viligawanywa kanisani kama ilivyo desturi yetu, huyu blanketi, yule sufuria. Mtungi ulikosa mtu, Octave akauchukua, ukakaa nyuma ya mlango. Sote tuliona ndio salama. Didier aliufunga mpira kwa mikono yake mwenyewe, akavuta yeye kwanza, akacheka: "Sharp, iko muzuri! Hewa ya batajiri hii!"

Steve, mwenzake wa kazi, alibaki juu akishika kamba. Anasema Octave alishuka vizuri, kisha kamba ikaanza kutikisika vibaya. Alipofanikiwa kumvuta juu, kaka yetu alikuwa ameshakata roho.

Mzamiaji wa polisi alikuja kuuchunguza ule mtungi. Haukuwa na uchafu wowote. Alitueleza polepole, maana tulikuwa hatusikii vizuri kwa kilio. Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni kidogo, imechanganyika na vingine. Oksijeni tupu, ukizama nayo kupita mita sita hivi, inageuka sumu, na mtu anashikwa na degedege humo humo majini. Ya garaji au ya hospitali, kule chini ni mamoja. Sisi tulihangaika na ipi iliyo safi. Hakuna aliyejua kuuliza anashuka hadi wapi.

Sasa Didier hali, haendi kazini. Belyse, mkewe, anamnawisha uso kama mtoto. Sanduku la nguo za Octave alilipanga Didier mwenyewe, akapiga pasi hadi soksi. Aliposikia maneno yako akalibeba akampelekea Glody, hakubisha hata kidogo. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Kwetu nguo za marehemu huletwa na anayemfuata kwa kuzaliwa, na wewe ndiye uliyetufundisha hivyo. Ukimnyima sanduku, umemwambia mbele ya ukoo mzima kwamba ameua. Naye atakuamini. Juzi aliniambia, "Ni mimi nilimuchagulia."

Barua hii naipiga picha niitume leo hii kwa simu, maana Glody anaondoka Jumamosi. Nakusihi, mama yangu, mpigie Didier kabla ya hapo. Habari za oksijeni usimtajie. Mwambie tu kwamba unamngojea yeye na sanduku.

Msalimie sana Baba Mdogo Jean-Bosco, dada Jocelyne na watoto wake, na wote wanaolala kwako kipindi hiki cha kilio. Mungu akushike mkono unapoamka usiku kumlilia, nasi atushike huku.

Didier akiona ni namba yako, huenda ataogopa kupokea. Piga tena, Shangazi. Piga mpaka apokee.

Wako akupendaye,
Mamie