Kopo la Mafuta ya Ufuta

Nyamisati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako laendeleaje? Na yule mbuzi wako, bado anaingia kwenye mihogo ya watu? Sisi huku wazima, ila mvua imetuchosha.

Yale mafuta uliyonitengenezea, ya ufuta na uwatu na maganda ya komamanga, yamenikubali mno. Unakumbuka nilivyokuja Umwe ngozi imekauka, inawasha, ukaniuliza kama naoga maji ya chumvi. Sasa nimenawiri. Ila mashavuni na juu ya mdomo pametoka madoa ya kahawia, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Mama mkwe, Bi Mwanahawa, aliyaona nikipepeta mchele. Akaninyang'anya ungo, akasema madoa hayo anayajua, yeye yalimtoka kwa mimba ya Badru. Akaniuliza siku zangu. Nikamjibu kweli, sijaziona tangu mavuno. Basi tena. Sishiki ndoo, na samaki mnono ni wangu. Badru naye, aliyekuwa amepeleka posa huko Nyamwage apate mke wa kumzalia, ametuma watu kuomba radhi, hataki tena. Juzi kanichotea maji mwenyewe, wanaume wenzake wanamtazama. Mama, miaka yote ya ndoa sijapendwa hivi.

Nikaenda Kibiti kupima. Daktari, mwanamke mpole, alisema tumboni hamna kitu. Damu yangu imekoma kabisa, mapema kuliko wenzangu, na hata ule ukavu wa ngozi ulikuwa dalili yake. Mafuta yako ndiyo yaliyouficha. Alisema mimea hiyo ina vitu viitwavyo polifenoli, na baadhi yake hufanya kazi ngozini kama homoni za kike. Huilainisha, na huenda ndivyo vilivyoleta madoa. Nikiyaacha mafuta, madoa yatafifia.

Nililia njia nzima. Bi Mwanahawa akanipokea mlangoni, akauliza mtoto hajambo. Nikasema hajambo.

Najua tumbo litaniumbua. Lakini leo asubuhi nimepaka tena, mashavuni hasa. Kopo linakwisha, mama. Nitengenezee jingine, uzidishe uwatu, umpe Yassin wa bodaboda aniletee. Naye usimwambie kitu.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Wakikupa hongera ya mjukuu, itikia tu amina.

Mwanao,
Hajira