Kompyuta Imerudi Oktoba

Jumanne, 11 Februari 1997
Kompyuta ya kliniki imekufa. Kioo cheusi, maandishi ya Kiingereza, basi. Ndani yake kuna wagonjwa wote wa TB wa huku Zombe — nani yuko wiki ya ngapi, nani anameza dawa gani. Kadi zao tulizichoma baada ya kuziingiza. Daktari Mwangangi hakukasirika. Alisema tu, si una disketi, Kaluki? Ijumaa wagonjwa wanakuja. Nikaitikia. Mungu wangu.

Jumatano, 12 Februari
Sijala. Kila Ijumaa natakiwa nikopi kila kitu kwa disketi, halafu nitie sahihi kwa daftari. Sahihi ziko zote. Kukopi niliacha Oktoba — disketi saba, kungoja saa nzima, na foleni iko nje. Nilisema wiki ijayo. Miezi minne nasema wiki ijayo.

Alhamisi, 13 Februari
Fundi Mbuvi alifika kutoka Kitui mjini. Akafuta yote, akaingiza disketi moja moja. Ya tano ikagoma. Nikaomba isisomeke kabisa, lawama iwe ya disketi — ndiyo, niliomba hivyo! Ikasomeka. Saa nane kompyuta ikawaka kama zamani. Mwangangi akatushika mkono sisi wawili.
Mbuvi aliona tarehe. Akaninong'oneza, "Hii ni ya Oktoba, dada. Mwambie leo." Nikasema nitamwambia. Akafunga begi, akaenda. Sijasema.
Nimejaribu kuandika waliokuja baada ya Oktoba. Kisilu. Nadifa, mke wa Abdille wa ng'ombe, na mtoto wake. Wengine naona sura tu, jina hakuna. Nimepata kumi na tisa. Walikuwa zaidi ya arobaini.

Ijumaa, 14 Februari
Benchi zimejaa tangu asubuhi. Nadifa hayuko kwa kompyuta. Mwangangi akamwambia labda jina liliandikwa vibaya, angoje. Anangoja, mtoto anakohoa. Karatasi yangu ya majina iko mfukoni. Sijaitoa.
Halafu Mwangangi akaita, "Nzuki Mutunga." Nzuki alikufa Desemba. Mazishi nilienda. Akaita tena. Mjane wake, Muthoki, amekuja leo na kikohozi chake mwenyewe. Akasimama, ameshika leso.
"Daktari, unaita nani?"
Mwangangi akaangalia kompyuta. Akamwangalia Muthoki. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, "Kaluki, ingia ndani."
Nimesema nakuja. Naandika nikiwa nimesimama. Muthoki bado hajakaa.