Kazi ya Kumpokea Elius

Makambako, Julai

Baba Jasmine,

Huku baridi imetushika kwelikweli. Mama ameshavuna viazi kule Kichiwa, na Jasmine ameanza kutembea. Kwenye simu huwa nakwambia hatujambo, basi yanaishia hapo. Ndiyo maana leo naandika.

Ile kazi ya ofisini kwa Stanley imekwisha. Nilikuwa naandika maelekezo ya programu inayoorodhesha kazi. Wasomaji wake si watu, ni mawakala wa akili mnemba: wanaangalia kazi ipi iko wazi, wanaichukua na kuifanya wenyewe. Kila maelezo yalihitaji mfano. Mmoja nikaandika, “Kumpokea Elius anayetoka Kahama, stendi ya Makambako.”

Tulipoijaribu, wakala mmoja akadhani ni kazi ya kweli. Akatafuta mabasi yote yanayotoka Kahama, kisha akaleta jibu: “Siwezi kuendelea. Sijui tarehe ya kufika. Tafadhali muulizeni Elius.”

Stanley akacheka. “Dada Flora, Elius ndiye nani?”

“Mume wangu,” nikasema.

Akaacha kucheka. Akaniambia kwa upole niweke mfano mwingine, nami nikaweka wa kununua mbolea.

Baba Jasmine, huu mwaka wa pili nashindwa kukuuliza kwa kuogopa jibu. Mashine imeuliza bila woga wowote. Basi na mimi nauliza: unarudi lini? Na kama hurudi, niambie hivyo hivyo. Nitalia, lakini nitajua.

Mimi mkeo, bado,
Flora