Kila Mtu Abebe Kabla ya Kunywesha

Baba Habiba, wamekubali! Neno la mtoto wako limeingia kwenye mkakati wa taifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, lile lile walilotaka liondolewe! Sasa meli ikifika bandarini kwetu, iwe ndogo, iwe kubwa kama mlima, italipia taka kwanza. Ni Habiba wetu huyo, wallahi. Wa Garbatulla.

Haya, sasa salaam aleikum. Ungekuwa hapa ungesema, "Mama Habiba, pumua kwanza." Nimepumua. Mungu akupe nuru huko uliko. Mimi niko salama, ni goti tu, na maziwa yangu ya ngamia bado yanaisha kabla ya jua kali. Hapa soko la Isiolo siku hizi naitwa Mama Bahari. Mimi ambaye bahari sijaiona! Wauza miraa wananiuliza, "Mama Bahari, leo mawimbi yakoje?" Nawajibu, "Yametulia. Binti yangu ameyaambia yatulie."

Unakumbuka Guyo, mtoto wa ndugu yako, alivyocheka Habiba alipoenda kusoma? "Msichana wa Garbatulla anasomea meli? Basi mimi nitasomea barafu!" Huyo huyo Guyo ndiye alishika nafasi yako ulipotuacha. Ndiye abba herega sasa, mwenye kupanga zamu za kisima. Si mtu mbaya. Ni mpole, na hapo ndipo shida ilianza.

Wewe ulikuwa na amri moja. Kabla ya mtu kunywesha, abebe karai moja la mavi, akayamwage mbali kule kwenye miiba. Hata kama ng'ombe wake ndio wamefika na hawajaangusha kitu. Bado namuona yule mzee wa punda mmoja akilalamika, "Abba herega, punda wangu hajala tangu jana, atachafua na nini?" Ukamwambia, "Beba tu. Atakula." Watu wakacheka mpaka kamba ya ndoo ikawaponyoka.

Guyo akaona huo ni uonevu. Akasema kila mtu aondoe ya mifugo yake tu. Baba Habiba, mavi yakakosa mwenyewe! Kila unayemuuliza anakwambia, "Ni ya wale walionitangulia." Wengine wananywesha haraka na kuondoka kabla hawajaonekana. Yakarundikana mpaka kwenye hori, na mvua kidogo ikinyesha, ule uchafu unateremka kuelekea mdomo wa kisima chako. Sikutaka kukwambia mambo haya. Nilikuwa naja kaburini kwako, nasoma dua, nanyamaza.

Habiba akaja likizo kutoka kwenye ile kamati yake inayoandika mkakati. Tulipotoka kwako tukapita kisimani. Akasimama pale akiangalia mpaka jua likanikasirisha. "Mama," akasema, "hii ndiyo tunaandika." Nikauliza, mnaandika mavi? Akacheka, akanieleza pole pole. Meli ina mafuta machafu na takataka za safari nzima. Bandarini panatakiwa pawe na mahali pa kuziacha. Lakini wenzake walikuwa wameandika kwamba kila meli ilipe kwa kile inachoacha. "Sasa Mama, nahodha atafanya nini?"

Nikamwambia, "Atasema hana kitu. Halafu atamwaga huko mbele, mahali hakuna mtu."

Akanikumbatia pale pale mbele ya ng'ombe wa watu.

Akarudi kazini na amri yako mdomoni: kila meli ilipe ikifika, kwa ukubwa wake, iache taka au isiache. Ikishalipa, ifiche ya nini? Wenye meli wakapiga kelele, ati meli zitakimbilia bandari za wengine. Mkubwa wake, mama mmoja mstaarabu sana, akamwambia aache hilo neno, la sivyo kiti chake kwenye kamati atapewa mwingine. Hapo niliogopa. Kiti kile nimekisifu soko zima! Nikampigia, nikamwambia mwanangu, nyamaza, usipoteze kazi. Akaniuliza kwa upole tu, "Mama, Baba alimwachilia yule mzee wa punda?"

Nikashika tasbihi yangu.

Jana nikiwa kwenye maziwa simu ikalia. Kumbe kwenye mkutano wa mwisho walimwambia aseme kwa maneno machache, na yeye akawaambia habari ya punda. Watu wazima wa tai na koti wakacheka mpaka mmoja akapangusa machozi. Halafu hakuna aliyepinga tena. Hata yule mkubwa wake akainua mkono. "Mama, wamekubali kubeba," akaniambia. Nilijua. Ni wewe alitaka kukupigia. Na mimi pia... basi. Nilimwaga maziwa ya mteja, sikujali.

Leo asubuhi Guyo amefika mlangoni, kofia mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno makali, nilikuwa nayo mengi! Akanimaliza: "Mama, ikiwa meli zinabeba, ng'ombe watakataa?" Amri yako inarudi. Nimempa karai lako lile lenye ufa. Nilikuwa nimelificha chini ya kitanda, nikidhani hakuna anayelistahili.

Nikuage sasa, mume wangu, goti linauma. Pumzika. Mtoto uliyemfundisha kubeba amebebesha wenye meli, na mimi nitalisema hilo mpaka watu wa soko wanihame. Nakuahidi kitu kimoja: Habiba anakuja na yule mkubwa wake na wenzake wa kamati, tutasoma dua yako na kuchinja, lakini hakuna atakayeonja chai yangu kabla ya kubeba karai moja kisimani. Hata mwenye tai. Hata akisema yeye hana punda.

Wote watafika Garbatulla Ijumaa hii, baada ya swala.