Siku ya Madereva Bila Dereva Hata Mmoja

Foleni ya mizani, 2 Juni

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, ila goti la kulia, lile la breki, linanisema kila nikishuka ngazi ya kabini. Niko hapa kupima uzito wa lori saa ya tatu sasa, na mbele yangu bado kuna magari kumi na tano. Barua hii nampa dereva mwenzangu tunayemwita Breki Mbili, anayerudi mjini. Simu yangu unaijua, inalala kwenye droo mpaka injini izimwe, na haya ninayokuambia nataka uyasome kwa mwandiko wangu wenye hasira.

Jana nililetewa karatasi mbili kutoka ofisini kwenu. Ya kwanza ni mwaliko: Siku ya Kuwashukuru Madereva, tarehe ishirini, ukumbini. Saini ni yako, katibu wa kamati. Ya pili ni ratiba ya safari: tarehe ishirini hiyohiyo niko barabarani na shehena ya dawa za hospitali. Saini ni yako tena, mpanga safari. Baba, una akili zako timamu? Nimewauliza wenzangu hapa kwenye foleni, kumi na mmoja wote wana karatasi mbili kama zangu. Tumecheka mpaka muuza chai akaja kuuliza kulikoni.

Lakini kicheko kiliisha, nikabaki na uchungu. Miaka ishirini na saba nashika usukani, na kila mwaka siku hii inanikuta njiani. Mwaka juzi walinitaja dereva bora, akapanda mhasibu jukwaani kunipokelea cheti. Picha niliiona: anatabasamu kama aliyevuka yeye ile milima. Cheti chenyewe mpaka leo sijakishika. Mwezi huu ukiisha nastaafu. Nilitaka mara moja tu nisikie jina langu likitajwa nikiwepo.

Ila usithubutu kunitoa kwenye safari mimi peke yangu. Watasema mama wa mpanga safari kapendelewa. Na dawa lazima zifike.

Mama yako

Ofisini, 5 Juni

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Kikohozi kimepona, aibu ndiyo haijapona. Baada ya kusoma barua yako nilisimama mbele ya kibao cha safari nikahesabu. Tuna madereva arobaini, na tarehe ishirini nimewapeleka njiani wote arobaini. Asubuhi nilipanga viti vyao ukumbini, mchana nikapanga safari zao, wala sikushtuka.

Nilikwenda kwa mkurugenzi. Akasema mizigo haisubiri sherehe. Nikamuuliza, miaka yote hii kwenye viti vile hukaa nani? Tunakaa sisi wa ofisini. Mwaka jana mimi mwenyewe nilivaa fulana iliyoandikwa "Dereva Wetu, Fahari Yetu", nikala sahani mbili, na sijawahi kuendesha hata toroli.

Naomba unijibu haraka: ni kweli magari yetu yote hupita hapo mizani? Kuanzia saa ngapi?

Na jambo jingine, Mama. Unakumbuka nilipokuwa shule, ukinipeleka kwa lori, nilivyokuwa nikikuambia "nishushe hapo kona"? Nilikuwa nakudanganya kwamba napenda kutembea. Nilikuwa naona haya, sikutaka wenzangu wamwone mama yangu akishuka kwenye lori. Nimelibeba hili miaka mingi. Nisamehe.

Mwanao

Kwa muuza chai wa mizani, 9 Juni

Mwanangu,

Salamu. Goti lile lile, tusipoteze wino.

Magari yote arobaini hupita hapa, kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana, na hakuna anayekaa foleni chini ya muda wa saa mbili. Unauliza ya nini? Usije ukafanya kituko ukafukuzwa kazi kwa ajili yangu.

Habari ya kona nilikuwa naijua. Mama gani asijue? Siku ya kwanza nililia mpaka darajani, halafu nikafuta macho, maana barabara nilikuwa siioni. Nilikusamehe palepale. Kula vizuri.

Mama yako

Uwanja wa hospitali, 21 Juni

Wewe mtoto wewe!

Sikuulizi hali leo, nitakuuliza mwisho. Jana natokea kwenye kona ya mizani, naona hema jeupe pembeni mwa barabara. Nikajua ni ajali au ukaguzi. Nikapunguza mwendo. Kumbe ni ofisi yenu nzima, na aproni!

Karani wa mishahara alikuwa anafuta vioo vya malori kwa tambara la mafuta, akaniachia kioo kichafu kuliko nilivyokuja nacho. Nikamshukuru hivyo hivyo. Mhasibu alikuwa anapeleka chai dirisha kwa dirisha, maana foleni huwezi kuiacha. Mkurugenzi naye anapanda ngazi za kabini moja baada ya nyingine na kipaza sauti, suruali imejaa grisi, anamtaja kila dereva kwa jina na miaka yake ya kazi.

Mimi nilikuwa wa nane. Alipofika kwangu akanitaja jina langu lote, mpaka la babu. Nikashuka bila kulikumbuka goti. Mhasibu akaja na kile cheti cha mwaka juzi, akakitoa kwa mikono miwili, akasema, "Mama, nisamehe, hiki ni chako. Kilikuwa kwenye droo yangu." Hapo wakaanza kupiga honi. Foleni nzima, mwanangu, na hata malori ya kampuni nyingine! Wapima uzito walitoka wameziba masikio. Nililia mbele za watu na sikujificha.

Kisha foleni ikasogea. Wale wale walionipigia honi za heshima wakaanza kunipigia za "sogeza gari, Mama!" Nikapanda mbio, cheti nimekishika kwa meno.

Nilikutafuta kila mahali. Mkurugenzi akaniambia alikubali kwa sharti moja: mtu mmoja abaki ofisini kushika simu zote ili gari lolote lisichelewe, na ukajitolea wewe. Kwa hiyo safari hii nilikuwepo mimi, ukakosekana wewe. Sasa unajua inavyouma. Asante, baba. Dawa zilifika nusu saa kabla ya wakati.

Jumamosi ijayo saa nne nalirudisha lori gereji, safari yangu ya mwisho. Nitapita mbele ya ofisi yenu. Ukitaka kupanda, nitapiga honi mbili. Ukiwa na kazi, nitaelewa.

Na kikohozi?

Mama yako

Getini, 28 Juni, saa nne kasorobo

Shikamoo Mama,

Karatasi hii nampa mlinzi akukabidhi utakaposimama, maana najua nikikuona sitaweza kusema.

Sina kikohozi. Niko hapa tangu saa mbili, nimevaa shati jipya. Ofisi nzima imejaa madirishani na mkurugenzi yuko barazani. Nimewaambia wote lori linalokuja ni la mama yangu.

Tukiwa njiani tutapita shule yangu ya zamani. Wanafunzi wa Jumamosi watakuwa wanatoka. Nipeleke mpaka getini, upige honi zote ulizonazo.

Usinishushe kwenye kona.

Mwanao